Kodiani, Kinanda Kisicho na Kabila



Jumamosi moja jioni tulikuwa tukirudi kutoka kumtazama mgonjwa huko Temeke, tukasikia sauti ya kinanda. Palikuwa na arusi, na wenyewe walikuwa wamefunga njia kwa turubai na viti, taarabu ikapigwa pale nje bila kiingilio, na kila apitaye akakaribishwa. Kati ya wapigaji aliketi mzee mmoja, amekumbatia kodiani kifuani kama mtu apakataye mtoto. Mama mmoja wa kanisa letu alisimama mlangoni pake, amemshika mwanawe mkono. Akatuuliza, "Mwalimu, mtoto huyu ataka kwenda kusikiliza. Nimwache aende, au nimfungie ndani? Kinanda kile si chetu."

Hatukumjibu upesi, maana tuliona ya kuwa swali lile si lake peke yake. Katika mitaa ya Temeke na Kinondoni watu wa kabila zote na dini zote hukaa ukuta kwa ukuta, na muziki wa mmoja huingia kwa mwenzake pasipo kubisha hodi. Basi, kabla ya kusema kinanda ni cha nani, yafaa tujue kimetoka wapi.

Kodiani ina vipande viwili, mkono wa kuume na wa kushoto, na katikati mna mivukuto ikunjwayo, mfano wa ile ya mhunzi. Ndani yake zimo ndimi nyembamba za chuma. Mpigaji akivuta au akisukuma, upepo hupita penye ulimi ambao kifungo chake kimebonyezwa, nao hutetemeka na kutoa sauti. Ufundi huu haukuanza Ulaya. Wachina walikuwa na kinanda cha mianzi kiitwacho sheng, kipulizwacho kwa kinywa, nacho kina ndimi za namna hiyo hiyo. Umri wake wapita miaka 2,000. Ndipo mwaka 1829, katika mji wa Vienna, fundi wa vinanda Cyrill Demian pamoja na wanawe walipopewa hati ya serikali kwa ajili ya kinanda chao kipya. Walikipa jina lililotokana na mapatano ya sauti, kwa kuwa kila kifungo kilitoa sauti kadhaa kwa pamoja.

Tena tusisahau kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu, ambacho kiliongoza nyimbo katika makanisa mengi ya misheni. Nacho huimba kwa ndimi za chuma na upepo wa mivukuto. Kwa hiyo kinanda cha kanisani na kinanda cha arusini ni ndugu wa tumbo moja.

Kodiani ilienea upesi kwa sababu mtu mmoja aweza kuichukua begani, akapiga wimbo kwa mkono wa kuume na kuufuatiza kwa mkono wa kushoto, wala hahitaji nyumba kubwa wala umeme. Sauti yake yatosha uwanja. Mabaharia, askari na wahamiaji wakasafiri nayo, na kila taifa lililoipokea likaifundisha lugha yake. Ndugu yake aitwaye bandoneon, aliyepewa jina la Heinrich Band wa Krefeld, Ujerumani, alivuka bahari mpaka Argentina, akawa sauti ya ngoma ya tango. Wamisri nao waliona ya kuwa kodiani ya Ulaya haina zile sauti za katikati zitakiwazo na nyimbo za Kiarabu. Mafundi wao wakazikwangua ndimi zake mpaka zikatii.

Kwetu Afrika Mashariki habari ni hiyo hiyo. Yasimuliwa ya kuwa Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri ajifunze muziki. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Na katika taarabu ya Unguja kodiani imepata kiti chake pamoja na fidla, udi na kanuni. Wagikuyu wa Kenya waliipigia mwomboko, wakiifuatiza kwa pete ya chuma iitwayo karing'aring'a. Wajaluo waliita muziki wao wa kodiani onanda. Huko Kongo, Camille Feruzi alipata sifa kubwa kwa vidole vyake, na Basotho wana muziki wao wa famo. Ni nani kati ya hawa atakayesema, "Ni changu peke yangu"? Waswahili husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata mataifa makubwa wameona faida ya kuvisikiliza vinanda hivi mahali pamoja. Mwaka 2013, katika bustani ya Bryant Park mjini New York, yalianza maonyesho yaitwayo Accordions Around the World. Wapigaji wa muziki wa nchi mbalimbali waliketi huku na huku bustanini, na watu wakapita wakisikiliza bure. Tuliposoma habari hizo tulitabasamu, maana kupiga muziki nje bila kiingilio ni desturi ya vichochoro vyetu tangu zamani. Mchiriku, ambao wengine huuita mnanda, umekulia katika mitaa hii hii, nao hupigwa kwa ngoma na kinanda kidogo cha Casio, ambacho nacho ni mgeni kutoka Japani. Jagwa Music, kikundi kimoja cha mchiriku, kilitoa sahani yake Ubelgiji mwaka 2012.

Walakini liko jambo lituhuzunishalo. Kinanda cha umeme ni chepesi na chapatikana kwa urahisi. Kodiani kubwa yafika kilo 10 au zaidi, na hewa ya bahari huzitia ndimi zake kutu. Mzee yule alituonyesha mivukuto yake, aliyoiziba mwenyewe kwa kitambaa na gundi. Akasema, "Wajukuu wangu hawaitaki. Nikiondoka mimi, itakuwa sanduku la kuwekea nguo."

Basi tulimjibu yule mama hivi: "Mama, usimfungie, wala usimwache aende peke yake. Mshike mkono, msimame naye, msikilize pamoja, na saa ya kulala ikifika mrudi nyumbani." Kelele za usiku kucha ni kosa kwa majirani, kwani wako wagonjwa, na wako waamkao alfajiri kwenda kazini. Lakini tukiwaonya wenye arusi, sisi nasi tuvitazame vipaza sauti vya kwaya zetu, maana jirani yetu naye ana masikio.

Mama akaenda na mwanawe. Wimbo ulipokwisha, mzee akamwita mtoto, akamwekea kidole juu ya kifungo kimoja, akavuta mivukuto taratibu. Sauti ikatoka, ndefu. Mtoto akashtuka akaondoa mkono, kisha akaurudisha mwenyewe. Mama yake akacheka, na mama wa arusi akawaletea viti.

Ninyi walimu, yamkini mtaani kwenu yuko mzee mwenye kodiani chini ya kitanda. Mwendeeni kwa adabu, mkamwombe aje shuleni siku moja, watoto wakae chini ya mti wamsikilize, na mmoja wao ajaribu kuishika. Msingoje mwaka mwingine.