Je, Kansa Hurithiwa? Funzo Litokalo Katika Jicho la Mtoto

Mtu afapo kwa kansa, jamaa zake huingiwa na hofu wakajiuliza kama ugonjwa huo umo katika damu yao. Wengine huuita laana ya ukoo. Wengine huificha habari yenyewe, wakichelea posa za binti zao. Sayansi imeujibu wasiwasi huo kwa kuchunguza ugonjwa mmoja wa watoto wadogo.

Ugonjwa huo ni retinoblastoma, yaani kansa ya retina, ule utando wa ndani ya jicho upokeao mwanga. Mwaka 1971 Dakta Alfred Knudson, wa Houston, Marekani, alichunguza kumbukumbu za wagonjwa 48. Aliona kwamba watoto wenye uvimbe katika macho yote mawili kwa kawaida waliugua mapema kuliko wale wa jicho moja. Kwa nini?

Kila chembe ya mwili ina nakala mbili za jeni zilizo nyingi: moja ya baba, moja ya mama. Iko jeni moja, iliyotambuliwa mwaka 1986 katika kromosomu ya 13, ambayo huzuia chembe za retina zisigawanyike ovyo. Nakala zake ni kama makomeo mawili ya mlango mmoja: moja likivunjika, la pili hushika. Kansa huanza yote mawili yavunjikapo katika chembe ile ile. Kwa mtoto asiyerithi hitilafu, jambo hilo ni nadra mno. Aliyerithi, komeo moja limevunjika tayari katika kila chembe yake.

Basi, kirithiwacho ni hatari ya kupata kansa, wala si kansa yenyewe. Mzazi mwenye hitilafu hiyo aweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu. Hata hivyo, hitilafu huweza pia kuzuka upya katika ukoo usiowahi kuugua.

Kwa hiyo yafaa historia ya ukoo isemwe wazi. Daktari ajuaye kwamba mzazi au ndugu aliugua atampima mtoto macho tangu uchanga, uvimbe ukiwa mdogo, wakati uhai na hata jicho lenyewe vyaweza kuokolewa. Na katika ukoo wowote, mtoto ambaye mboni yake yang'aa weupe, au aliyeanza makengeza, apelekwe hospitali bila kukawia.