Ankoo Anarudi Nax Kustaafu? Soma Hii Kabla Mtoe Hata Soo Kwa Broka

Kama uko na ankoo, shosh ama mlami wa familia mwenye kila Krismasi anasema "nikistaafu nakuja kuishi Nakuru," jua hizo karatasi zitakuangukia wewe. Wewe ndio uko na akaunti ya eCitizen, wewe ndio unajua kuskani hati na simu, na kwa familia yako mtu wa intaneti anafikiriwa anajua kila kitu.

Sasa hapo ndio mabroka hukungoja. Broka akiskia "anatoka majuu" anaona ganji tu. Anakuuzia "visa ya kustaafu ya Kenya," anataja bei, anakupatia namba yake ya M-Pesa. Shida ni moja: Kenya haina kitu inaitwa visa ya kustaafu. Kuna kibali kinaitwa Class K, na wasee wengi wenye wanarudi Rift hawakihitaji hata kidogo.

Kwa hivyo kabla ugusa fomu yoyote, jiulize huyu mtu wenu ni nani mbele ya sheria. Kuna aina tatu, na kila moja iko na mlango wake. Ukibisha mlango mbaya utalipa pesa mingi ya bure, ama buda akatazwe kitu yenye ni haki yake.

Mtu wa kwanza: alizaliwa Mkenya, akachukua pasipoti ya majuu

Huyu ndio ako kwa familia nyingi. Chukulia ankoo alizaliwa Bahati, akaenda Texas 1995, akaapa uraia wa Marekani 2004. Wakati huo katiba ya zamani haikuruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Siku ameapa huko, uraia wa huku ukaisha, hata kama hakuna mtu alimtumia barua ya kumwambia. Ndio maana akikuja matanga anaingia na eTA kama mtalii, anagongewa muhuri wa mgeni, na anaambiwa siku ngapi anaweza kukaa nchi yenye alizaliwa.

Hiyo ilibadilika 27 Agosti 2010, siku katiba mpya ilianza kazi. Kifungu cha 14 kinasema mtu mwenye alikuwa raia kwa kuzaliwa na akapoteza uraia kwa kuchukua wa nchi ingine, ako na haki ya kuurudisha akiomba. Soma hiyo vizuri: ni haki. Haombi msaada. Hakuna kipimo cha mshahara, hakuna mtu anauliza pensheni yake ni ngapi. Na haachi ile pasipoti ya Marekani, kwa sababu kifungu cha 16 kinamruhusu kuwa na zote mbili.

Kitu anahitaji ni kuonyesha alikuwa Mkenya: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha zamani ama pasipoti ya Kenya yenye iliisha kitambo, pamoja na pasipoti yake ya sasa na cheti cha uraia wa huko. Anaweza kuanza akiwa bado majuu, kupitia ubalozi wa Kenya. Kazi yako wewe ni ile ngumu: kwenda kwa kabati ya shosh kutafuta cheti cha kuzaliwa cha 1958 chenye kimekunjwa ndani ya Biblia. Anza hiyo leo.

Je, kama aliapa baada ya Agosti 2010? Basi hakupoteza kitu. Bado ni Mkenya. Lakini sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inataka mtu kama huyo atangaze ule uraia wa pili ndani ya miezi 3 tangu aupate. Wengi hawakuwahi kuskia hiyo. Muulize tarehe ya kiapo, iko kwa cheti chake.

Na watoto wake wenye walizaliwa huko? Kama walizaliwa kabla ya katiba mpya, kifungu hicho hicho kinawahesabu raia kwa kuzaliwa kama baba ama mama ni raia, ama aliwahi kuwa. Hao macousin wenye mnawacheka Kiswahili wanaweza kuwa Wakenya kama wewe.

Mtu wa pili: mgeni mwenye ameoana na Mkenya

Anti alienda Ujerumani, akaolewa, sasa wanarudi wote wawili Kiamunyi. Anti hana shida. Bwanake ndio anahitaji karatasi, na yake inafuata miaka ya ndoa.

Mwanzoni anaweza kukaa kwa pasi ya mtegemezi, yaani anakaa kwa mgongo wa bibi yake. Wakifikisha miaka 3 kwa ndoa, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Wakifikisha 7, katiba inampatia nafasi ya kuomba asajiliwe raia. Cheti cha ndoa ndio ufunguo hapa. Kama walioana kimila tu, na mbuzi zikaliwa na picha zikapigwa lakini hakuna mtu alisajili, hiyo isajiliwe kwanza.

Mtu wa tatu: mgeni kabisa

Huyu ni yule mzee Mwingereza ama Mholanzi mwenye alikuja Naivasha miaka ya nyuma kufanya kazi, akapenda hewa ya Elementaita, na sasa anataka kuzeekea huko. Rift imeona hawa tangu kitambo. Baada ya uhuru, walowezi walipewa hadi 12 Desemba 1965 kuamua kama watajiandikisha uraia. Wenye hawakujiandikisha na wakabaki, walibaki kama wageni wa vibali.

Leo mlango wa huyu ndio Class K. Masharti makubwa ni haya:

Umri: miaka 35 kwenda juu. Ukilinganisha, Thailand inataka mstaafu awe amefika 50, kwa hivyo hapa Kenya imelegeza.

Pesa: mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka. Yaweza kutoka nje, kama pensheni, ama kwa mali yake iliyo hapa Kenya, kama kodi ya nyumba.

Kazi: anaweka ahadi kwamba hatafanya kazi ya kulipwa.

Piga hesabu ya hiyo pesa. Dola 24,000 ni dola 2,000 kwa mwezi. Ukiweka dola kwa shilingi 130, ni 260,000 kila mwezi. Kwa Nakuru hiyo ni maisha poa sana, na unaweza kufikiria kila mlami anafikisha. Wapi! Pensheni mpya ya serikali ya Uingereza, ile kamili, ilikuwa pauni 221.20 kwa wiki kwa mwaka wa 2024/25. Hiyo ni kama pauni 11,500 kwa mwaka, haifiki hata dola 16,000. Na kuna mtego zaidi: Mwingereza akihamia Kenya, pensheni yake ya serikali hugandishwa. Wenzake kwao wanaongezewa kila mwaka, yeye anabaki na ile ile.

Marekani nayo? Januari 2025, wastani wa malipo ya Social Security kwa mstaafu ulikuwa dola 1,976 kwa mwezi. Zidisha mara 12 unapata 23,712. Imepungua dola 288 tu. Kwa hivyo pensheni ya serikali pekee haitoshi kwa wengi. Lazima aongeze kitu ingine: pensheni ya kampuni, faida ya akiba, kodi ya nyumba. Na kila shilingi iwe na karatasi.

Sasa rudi kwa ankoo wa Texas. Kama broka angemuingiza Class K, hiyo dola 288 ingemfungia nje ya nchi yake. Kwa mlango wa kwanza, hakuna mtu angemuuliza anapokea ngapi.

Karatasi za Class K zenyewe

Maombi yanafanywa mtandaoni kwa mfumo wa Idara ya Uhamiaji, na malipo yanapitia eCitizen. Andaa Fomu 25 iliyojazwa na kusainiwa, barua yake kwa Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Uhamiaji akieleza kwa nini anataka kukaa, nakala za pasipoti, picha, ushahidi wa mapato, na kama ako tayari nchini, ushahidi kwamba ameingia kihalali.

Ushahidi wa mapato ndio huangusha watu. Stetimenti ya benki ya mwezi moja yenye iko na pesa mob haionyeshi mapato ya uhakika. Tafuta barua ya mfuko wa pensheni yenye inasema anapokea ngapi, kila lini, hadi lini. Kisha stetimenti ziwe na namba zile zile. Jina nalo lifanane kila mahali. Kama pasipoti inasema "Jonathan" na pensheni inasema "John," tengeneza kabla ya kutuma.

Wakati nao ni muhimu. Pasi ya mtalii ni ya muda, na ujanja wa kuvuka Namanga kila baada ya miezi kadhaa kugongwa muhuri haumfanyi mtu kuwa mkaazi. Atume maombi akiwa bado kwao, ama mapema kabisa siku zake zikiwa bado zinasoma. Akipatikana nchini bila kibali, sheria inasema faini hadi 500,000, ama jela hadi miaka 3, ama zote mbili.

Akishapata kibali, bado. Mgeni yeyote wa kukaa zaidi ya siku 90 lazima asajiliwe na apewe kitambulisho cha mgeni. Na kama akili yake inamtuma kufungua kahawa pale Naivasha "ya kupitisha muda tu," mwambie hiyo ni biashara. Mwekezaji mgeni ako na Class G yake, na hiyo inataka mtaji wa dola 100,000.

Hii ya shamba inakuhusu wewe moja kwa moja

Ikifika hapa kaa macho, kwa sababu hapa jina lako linaweza kuingizwa.

Kifungu cha 65 cha katiba kinasema mtu mwenye si raia anaweza kushikilia ardhi kwa lizi tu, isiyozidi miaka 99. Shamba la kilimo ni ngumu zaidi. Njoro, Subukia, Molo, hizo ekari ziko chini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na bodi haipaswi kukubali zipewe mgeni, isipokuwa apate msamaha wa Rais.

Mgeni akiskia hivyo, kuna mtu atamwambia, "Weka kwa jina la huyu kijana." Huyo kijana ni wewe. Inaskika tamu, hati ya ekari tano kwa jina lako bila kutoa shilingi. Lakini katiba iliwaza mbele: mali yenye mtu anamshikilia mwenzake inahesabiwa ya raia pale tu wenye kufaidika wote ni raia. Kampuni nayo lazima imilikiwe na raia asilimia 100. Siku buda ameaga na watoto wake wametua na wakili, ama siku mmekosana, wewe ndio utasimama kortini kueleza hiyo hati. Kama bado hujasaini, kataa. Kama ulisaini, tafuta wakili wako mwenyewe, usitumie wake.

Na ankoo wa Texas? Kama alikuwa amenunua shamba la hati ya milele kabla ya 2010, akiwa ameshapoteza uraia, basi siku katiba ilianza, kwa sheria hilo shamba liligeuka lizi ya miaka 99. Hati bado iko kwa sanduku na inasoma vile ilisoma, kwa hivyo hakuna mtu anajua. Akianza kurudisha uraia, wakili aangalie hati hapo hapo. Hii ni kitu familia hugundua wakati wa kugawa urithi, na hapo vita huanza.

Vile utajua broka anakuosha

Haulizi alizaliwa wapi wala aliapa lini. Anaruka moja kwa moja kwa bei. Anataka utume kwa namba ya mtu badala ya kulipa kwa eCitizen. Anakuahidi "iko mtu ndani." Anataka kubaki na pasipoti yenyewe. Ukiona mbili kati ya hizo, hepa. Ada rasmi zinabadilika mara kwa mara, kwa hivyo zicheki kwa tovuti ya Idara siku ile unalipa, usichukue bei ya mdomo. Na kama kesi ni ngumu, wakili wa uhamiaji mwenye leseni atakutoza, lakini atakupatia risiti.

Leo jioni akipiga WhatsApp, muulize ankoo vitu vitatu: cheti cha kuzaliwa kiko wapi, aliapa uraia wa huko tarehe gani, na hati ya shamba ilitoka mwaka gani. Andika majibu mahali. Akikujibu hizo, tayari uko mbele ya broka.