Wadudu wa Mtoni na Majina Yao: Mfano wa Uvuvi wa Trauti katika Nchi ya Njombe

Mjimwema ni jina la kata mbili katika Mkoa wa Njombe, moja katika mji wa Njombe wenyewe na nyingine Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi upande wa kaskazini. Nchi yote hiyo ni ya juu na ya baridi. Mji wa Njombe umeinuka zaidi ya meta 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Mto Ruhudji, upitao hapo mjini, huteremka kwa maporomoko kuelekea bonde la Kilombero, na maji yake mwishowe huingia katika Rufiji. Katika baadhi ya mito ya baridi ya nyanda hizo za juu za kusini ndimo trauti walimopandikizwa wakati wa utawala wa Waingereza. Samaki huyo ni mgeni. Kusini mwa Sahara hakuwako popote mpaka alipoletwa na watu. Kenya alifika mwaka 1905, Ewart Grogan alipoyatia mayai yake katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Samaki alifika, na kanuni za kumvua zikafika pamoja naye, lakini msamiati wa kanuni hizo ulibaki katika lugha ya wenyewe. Pengo hilo lastahili kuangaliwa, kwa maana haliwahusu wavuvi peke yao.

Trauti huvuliwa kwa ufito mwepesi, mshipi wenye uzito wa kutosha kurushwa mbali, na ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya ndege, sufu na uzi hata ikafanana na mdudu. Kiingereza humwita mdudu na ndoana hiyo kwa neno moja. Mfasiri alichukuaye neno hilo kama lilivyo huandika “kuvua kwa nzi”, na msomaji wa Kiswahili humwona nzi wa jalalani amechomwa kwenye ndoana. Hapo pana makosa mawili. Kwanza, hakuna mdudu aliyechomwa, bali pana mfano wake tu. Pili, wadudu wanaoigwa, walio wengi, si nzi kabisa. Nzi ana mabawa mawili, na kwa alama hiyo mbu na usubi huhesabiwa katika kundi lake. Wale wa mtoni wanaoigwa zaidi huwa na mabawa manne. Kwa ndoana, basi, “chambo cha manyoya” lafaa zaidi, nalo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote ajuaye chambo.

Majina ya wadudu wenyewe ndiyo magumu. Uingereza jambo hili lilishughulikiwa mapema: mwaka 1836 Alfred Ronalds alitoa kitabu kilichomweka mdudu na chambo chake pamoja katika picha, na kwa kila mdudu akaandika jina la wavuvi na lile la wataalamu. Sababu ni kwamba trauti huzoea chakula kilicho kingi majini kwa saa ile, na mvuvi asiyekitambua hurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo kabla ya kufunga ndoana huinua mawe yaliyo penye maji ya kasi, hutazama upande wa chini, na huwaweka wadudu aliowapata katika sahani nyeupe yenye maji. Alama anazozitafuta ni chache, nazo zaonekana bila kioo cha kukuzia.

Akiona mdudu bapa au mwembamba mwenye mikia mitatu, kama ilivyo kawaida, na vijani laini vinavyotikisika kandokando ya tumbo, huyo ni wa kundi la Ephemeroptera. Vijani hivyo ni mashavu ya kuvutia pumzi. Akisha kukua hupanda juu ya maji, hujivua ngozi na kuruka. Kisha hujivua tena akiwa na mabawa tayari, jambo ambalo hakuna mdudu mwingine alifanyaye. Akitua, mabawa yake husimama wima juu ya mgongo kama tanga la ngalawa. Hali chochote, kwa maana kinywa chake hakifai kitu tena, na maisha yake ya hewani ni ya saa chache au siku chache. Kiingereza humwita kwa jina la mwezi wa Mei, kwa kuwa huko kwao ndipo atokapo kwa wingi. Jina hilo likitafsiriwa kwa msomaji wa Njombe laleta kichekesho, kwani Mei huko ni mwezi wa kuisha mvua na kuanza baridi, na wadudu hao wala hawaungoji. Wagiriki walimtazama mdudu badala ya kalenda, wakamwita wa siku moja. “Mdudu wa siku moja” lafaa kwa Kiswahili pia, ijapokuwa lasema kweli juu ya mwenye mabawa tu. Mtoto wake hukaa majini majuma au miezi.

Mwenye mikia miwili, kucha mbili katika kila mguu, na mashavu yaliyo chini ya kifua karibu na miguu, ni wa kundi jingine, Plecoptera. Mkubwa wake hulaza mabawa bapa juu ya mgongo. Ulaya wako wa namna nyingi sana. Afrika Mashariki yajulikana jenasi moja, Neoperla, basi mvuvi hana la kuchagua.

Wa tatu hujijengea nyumba. Hutoa uzi wa hariri kinywani na kuunganisha chembe za mchanga au vijiti kuwa bomba, akaishi ndani huku akilikokota. Wengine wa kundi lake hawana bomba, bali hutega wavu mdogo kati ya mawe na kula kinachonaswa. Akisha kuota mabawa hufanana na nondo hata mtu aweza kudanganyika. Ila mabawa yake yana manyoya, si unga, na huyalaza kama paa la nyumba.

Kiswahili kina mali ambayo watungaji wa istilahi hawajaitumia hapa. Tunutu ni nzige mchanga asiyeota mabawa bado: umbo lake ni la mzazi, mabawa tu ndiyo yanayokawia. Buu ni mtoto asiyefanana na mzazi hata kidogo, naye hana budi kulala kwanza ndani ya ganda kabla ya kugeuka. Tofauti hiyo ndiyo ile ile wanayoifanya wataalamu wa wadudu kati ya mageuko yasiyo kamili na yaliyo kamili. Yule wa siku moja, yule wa mikia miwili, na kereng'ende pia, watoto wao ni matunutu wa mtoni. Yule mjenga nyumba na usubi watoto wao ni mabuu. Kumwita kila mmoja “mdudu mchanga” ni kuitupa tofauti ambayo lugha inayo tayari. Kuhusu majina ya wadudu wakubwa, kabla ya kubuni mapya yafaa kwanza kuwauliza wasemaji wa Kibena, ambao watoto wao huyapindua mawe hayo hayo kila siku.

Usubi wahitaji maneno zaidi. Mabuu wake hujishika kwenye mawe penye maji ya kasi kwa ncha ya nyuma, wakichuja chakula kwa vipepeo vidogo vya kichwani, na trauti huwala. Si kila namna iletayo maradhi. Lakini baadhi hueneza minyoo iletayo upofu, nayo maradhi hayo yajulikana Tanzania katika Mahenge na Rungwe, hata jina la usubi limekuwa la mdudu na la ugonjwa pia. Huko Kenya, V. D. van Someren, aliyetoa mwaka 1952 kitabu juu ya maisha ya trauti wa nchi hiyo, alikuwa mmoja wa watu wawili waliolifumbua fumbo moja la usubi. Mwaka 1950 yeye na J. P. McMahon walieleza kwamba mabuu wa Simulium neavei, aliyekuwa akieneza upofu nchini humo, huishi juu ya miili ya kaa wa mtoni; na katika makala hiyo hiyo walieleza usubi wa namna nyingine wanaopanda juu ya matunutu wa wadudu wa siku moja. Mito ilitiwa DDT, na katika miaka ya 1950 S. neavei akatoweka Kenya. Mtu mwenye neno “nzi” peke yake hawezi hata kuisimulia habari hiyo, kwa sababu aliyebebwa na aliyembeba wangeitwa jina moja.