Injini Inagonga, au Bati Linacheza?

Gari la zamani likianza kulia kwenye foleni ya Mtaa wa Jamhuri, mwenye gari hakosi washauri. Mlinzi wa duka atamwambia ni beringi, kijana wa bodaboda atamwambia oili imekauka. Akivuka kwenda Gerezani atampata fundi wa kumaliza ubishi: "Bosi, hii injini imeshakufa. Ipo nyingine safi, imeshuka juzi na kontena." Boneti halijamaliza hata nusu dakika tangu lifunguliwe. Sisi wa Mchafukoge tunaishi jirani na spea za kila aina, kuanzia maduka ya Barabara ya Nkrumah mpaka vibanda vya Kariakoo, na ujirani huo una gharama yake. Pale ambapo injini nyingine iko mtaa wa pili, kubadilisha kunakuwa kwepesi kuliko kutafuta.

Mlio wa injini unatafutika. Si uganga, wala si kipaji cha kuzaliwa nacho. Una utaratibu ambao mafundi wazuri wanaufuata, hata wale ambao hawajawahi kuueleza kwa maneno: kabla ya kuuliza mlio unatoka wapi, uliza unatoka lini.

Unatoka asubuhi tu, injini ikiwa ya baridi, kisha unapotea? Unasikika kwenye sailensa, yaani hujakanyaga mafuta, na kuisha ukiyakanyaga? Unatoka ukipandisha vilima vya Pugu na abiria wanne? Unabadilika ukiweka D huku umekanyaga breki? Majibu haya anayo mwenye gari, kwa sababu ndiye anayeliwasha kila siku. Fundi analisikia dakika kumi, tena likiwa limeshapata moto njiani. Mwanahistoria Stefan Krebs ameandika jinsi madereva wa Ujerumani ya mwanzoni mwa karne ya 20 walivyofundishwa kuzisikiliza injini zao wenyewe, na jinsi mafundi walivyokuja baadaye kuitwaa kazi hiyo iwe yao. Kwetu mteja anaiacha kwa hiari. Anakabidhi funguo, anasema "inapiga kelele," anaenda kunywa chai.

Baada ya lini, sikiliza mwendo wa mlio. Kwenye injini ya mipigo minne, ambayo ndiyo iliyomo katika karibu kila gari linalopita hapa mjini, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki. Kamshafti, inayofungua na kufunga valvu, huzunguka nusu ya mwendo wa krenki. Gari likiwa kwenye sailensa ya mizunguko 750 kwa dakika, krenki inazunguka mara 12.5 kwa sekunde, kamshafti mara 6 na kidogo. Kwa hiyo valvu moja iliyoachia nafasi kubwa itagonga mara 6 hivi kwa sekunde, mlio mwembamba wa cherehani. Beringi ya konrodi iliyolika inaifuata krenki, kwa hiyo inagonga haraka zaidi, na sauti yake ni nzito, inatoka chini, tena inazidi injini ikibeba mzigo. Huna haja ya kuhesabu kwa saa. Sikio likizoea tofauti ya hizo mbili, nusu ya kazi imekwisha.

Ama mlio usiofuata mwendo wowote, unaochezacheza ovyo au kutokea kwenye resi fulani tu kisha ukanyamaza, huo mara nyingi haumo ndani ya injini hata kidogo. Na hapa ndipo pesa za watu zinapoteketea.

Acha gari lipoe, chukua tochi, lala chini. Kwenye ekzosi kuna mabati membamba ya kukinga joto, yamefungwa kwa bolti ndogo ambazo hewa ya chumvi ya Dar es Salaam na madimbwi ya masika haviziachi salama. Bolti moja ikikatika, bati linabaki linaning'inia. Kila bati lina mtetemo wake wa asili, na injini ikifikia mwendo unaolingana na mtetemo huo, bati linaitikia kwa kelele ya kutisha. Ukiongeza resi kidogo linanyamaza. Dawa yake ni klipu ya chuma, au waya. Katalisti nayo ina kauri yenye vitundu ndani yake. Kauri ikivunjika, vipande vinacheza humo kama karanga kwenye kopo. Igonge kwa nyundo ya mpira ikiwa ya baridi, utavisikia injini ikiwa imezimwa kabisa. Angalia pia mpira wa mauntingi uliochanika, bomba la ekzosi linalogusa bodi, na ule mkono wa betri ambao fundi wa mwisho hakuurudishia nati.

Ukitoka chini, nenda kwenye fen belti. Huo mkanda unazungusha alternata, kompresa ya AC na, kwenye Toyota nyingi, pampu ya maji. Utoe, washa injini kwa nusu dakika, halafu zima. Usizidishe, maana pampu ya maji imesimama na joto halisubiri. Mlio ukipotea, injini haina kosa. Zungusha kila puli kwa mkono, ile inayokwaruza ndiyo mkosaji.

Bado hujapata? Sasa ndipo bisibisi ndefu inapofanya kazi ambayo haikutengenezewa. Fundi anaweka ncha yake kwenye chuma cha injini na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, kisha anahamahama: kava ya valvu, kava ya taimingi, ubavu wa bloki, sampu. Sababu yake ni ya kifizikia. Sauti inakwenda kwenye hewa kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Kwenye chuma cha pua inakaribia mita 5,000, tena haipotezi nguvu upesi. Kwa hiyo mlio ulioanza kwenye silinda ya nne unaweza kutokea mbele, kwenye puli, na sikio tupu likadanganyika. Bisibisi inakuonyesha ni wapi sauti ni kali, yaani ina makali ya chuma kugonga chuma, si wapi ina kishindo tu. Daktari Mfaransa René Laennec alifanya jambo la jamii hiyo mwaka 1816, alipokunja karatasi ikawa mrija ili asikie moyo wa mgonjwa, na stethoskopu ikaanzia hapo. Kwa milio ya hewa, tumia kipande cha mpira wa maji badala ya bisibisi. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikivuja hutoa tik-tik inayofanana sana na valvu, na mpira ukiupeleka karibu na tundu utaisikia ikipumua. Kabla ya yote hayo vua tai, kunja mikono ya kanzu, funga mtandio. Feni na mkanda havichagui.

Kuna kikwazo cha mtaa wetu wenyewe. Saa nne asubuhi, kati ya honi, mikokoteni, jenereta na wauza spika wanaojaribu bidhaa zao, huwezi kusikia valvu. Fundi mmoja wa Gerezani ninayemheshimu haanzi kazi ya mlio mpaka Jumapili alfajiri, na yuko sahihi. Saa hizo hata maghorofa yanasaidia: endesha taratibu karibu na ukuta, vioo vikiwa chini, na sauti ya uvunguni itagonga ukuta na kukurudia dirishani.

Nieleze gari moja. Mwenye Corolla ya mwaka 1998, otomatiki, aliambiwa na gereji moja kuwa konrodi imekufa na injini ibadilishwe. Mlio ulikuwa mzito kweli, kwenye sailensa, na yeyote angeapa ni konrodi. Tulichomoa soketi ya injekta ya silinda moja moja, injini ikiwaka, ili kila silinda ikae bila mafuta kwa muda mfupi. Konrodi mbovu hupunguza kelele silinda yake isipowaka, kwa kuwa haisukumwi tena kwa nguvu. Silinda zote nne, hakuna kilichobadilika. Tukaweka D, breki imekanyagwa: mlio ukabadilika pale pale. Hapo macho yakahama kutoka kwenye injini kwenda nyuma yake. Tulipofungua kile kikava kidogo kati ya injini na gia boksi, bolti zinazolifunga bamba la flaiwili kwenye torki konveta zilikuwa zimelegea, na chuma kimeng'aa pale kiliposuguana. Zilitolewa, nyuzi zikasafishwa, zikafungwa upya kwa spana ya kupima nguvu. Basi.

Linaloniudhi kwenye kisa kile ni jambo lingine. Kama injini ingebadilishwa, bolti zile zile zingefunguliwa na kufungwa upya wakati wa kuirudishia gia boksi. Mlio ungekwisha. Mwenye gari angelipa, angeshukuru, na fundi angeendelea miaka yote kuamini kwamba alipatia. Utambuzi wa namna hii haujisahihishi, maana tiba kubwa inaponya hata ugonjwa ambao haukuwepo.

Lakini ipo milio ambayo imo ndani kweli. IST, Vitz na Corolla nyingi za miaka ya 2000 zina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, inayotumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Cheni hiyo hukazwa na tenshena inayosukumwa kwa presha ya oili. Ikilia kwa sekunde moja au mbili baada ya kuwasha asubuhi, kisha ikatulia, oili ilichelewa kufika. Pima dipstiki na ujiulize ilimwagwa lini. Ikiendelea hata injini ikipata moto, cheni imerefuka, na usiizoee, kwa sababu siku ikiruka meno valvu zinaweza kukutana na pistoni. Injini hiyo hiyo haina tapeti za kujirekebisha zenyewe. Nafasi ya valvu ya kuingiza hewa inatakiwa iwe milimita 0.15 hadi 0.25, ya kutolea moshi 0.25 hadi 0.35, injini ikiwa ya baridi, na hupimwa kwa fila geji, si kwa kukisia. Pistoni iliyolegea kwenye silinda hupiga makofi asubuhi na kunyamaza ikitanuka kwa joto. Gari la namna hiyo linaweza kutembea miaka. Konrodi ikithibitika, zima hapo ulipo na uvute gari.

Kuna kugonga ambako si kwa chuma. Ukipanda mlima na kusikia kama changarawe zinamwagwa juu ya injini, petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Inaweza kuwa taimingi, kaboni au joto, na inaweza kuwa mafuta yenyewe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupoteza okteni, na Watanzania tunaujua uchakachuaji vizuri: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili hiyo, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Kabla ya kulaumu injini, tumia tenki moja kutoka kituo kingine.

Anayenunua gari la mkononi ajihadhari na oili nzito. Injini iliyotengenezewa 5W-30 ikijazwa 20W-50, beringi zilizolika hunyamaza kwa muda. Muuzaji akikataa uangalie gari asubuhi kabla hajaliwasha, ondoka.

Na mashine ya kupimia? Inasoma kilichoandikwa na sensa, na bati la ekzosi halina sensa. Taa ya cheki injini inaweza kubaki imezimwa huku beringi inasagika. Mashine ni msaada mkubwa kwa moto, mafuta na hewa. Kwa mlio, bado ni sikio. Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, ameonyesha kwamba mafundi wa gereji bubu za Tanzania walijijengea elimu yao wenyewe ya magari, kwa mikono na milango mingine ya fahamu, kwenye miaka ambayo spea hazikupatikana. Wazee hao walitafuta kwa sababu hakukuwa na cha kubadilisha. Vijana wao wana kila kitu dukani.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, kabla ya kwenda Gerezani, rekodi mlio kwa simu asubuhi injini ikiwa ya baridi, na uandike unatoka lini na unabadilika lini. Mpe fundi karatasi hiyo. Akisema injini imekufa, muulize maswali mawili tu: ni silinda ya ngapi, na ilikuwaje ulipoizima silinda hiyo? Asipokuwa na jibu, chukua funguo zako.