Siku ya kung'oa jino, usishuke chini

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama mnaobaki mu nyumba mkiwangojea, leo tunaongea juu ya meno. Wengine watacheka. Mu sendika tumezoea kuongea juu ya mishahara, kofia za usalama, mavumbi yanayoingia mu mapafu. Jino, wanasema, ni kintu kidogo: "Unaenda asubui, banalitosha, mangaribi unashuka na benzako." Ni ile neno "unashuka na benzako" inayotutia woga.

Kung'oa jino ni operesheni. Kama jino limeoza mpaka mu mizizi, ao kama jino la mwisho kule nyuma limelala ndani ya mfupa, dentisti anapasua ufizi, anakata mfupa kidogo, kiisha anashona. Hata jino linalotoka mbio linaacha shimo. Lile shimo linafungwa na donge la damu. Donge likikaa, kidonda kinapona. Likitoka mbele ya wakati, mfupa unabaki wazi, na maumivu yake yanaweza kupita yale ya jino lenyewe. Dentisti anapokukataza hiki na kile, mara nyingi ni lile donge analilinda.

Sasa tuangalie kazi yetu. Unabeba, unainama, mashini ya kutoboa mawe inakutikisa mwili mzima, kule chini ni joto. Damu inapanda mu kichwa, na kidonda kilichokuwa kimekauka kinaanza kutoka damu tena. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Wanaoshuka chini wanabeba ku mukaba kile kisanduku cha kupumulia wakati wa moshi ao gazi mbaya. Namna ile ya kuuma na meno, haivaliwi kama maski ya mavumbi: unaingiza kipande cha mpira mu kinywa, unakiuma, unafunga midomo juu yake, na pua unaibana. Midomo iliyolala sindano ya dentisti haifungi vizuri, na sindano inaweza kukaa saa mbili mpaka nne. Hata sindano ikiisha, nani atauma kwa nguvu na shimo bichi mu taya? Siku moto ukiwaka kule chini, hakuna atakayekuuliza kama ulitoka kwa dentisti. Kwa hiyo sisi tunasema: siku ile hapana kushuka, na kama dentisti alipasua na kushona, omba repo ya siku zaidi, yeye ndiye anaandika ngapi.

Matayarisho yanaanza mbele ya ile siku. Kitu cha kwanza ni kusema ukweli wote. Tunajua wafanyakazi wanaoficha tansio juu ya kuogopa kutolewa ku kazi. Kwa dentisti usiifiche. Mwambie kama uko na tansio, ugonjwa wa sukari, ugonjwa wa moyo, kama uko SS, kama siku moja ulijikata na damu ikakataa kusimama, kama kuna dawa ao sindano iliyowahi kukuvimbisha mwili. Mama akiwa na mimba, aseme vilevile. Beba dawa zako zote mu mufuko umuonyeshe. Ni rahisi kupita kukumbuka majina. Kama daktari alikupa dawa ya kulainisha damu, usiiache wewe mwenyewe: dentisti na daktari wataelewana. Lakini asprini uliyojinunulia juu ya maumivu ya jino, hiyo iache, maana inafanya damu itoke sana. Na wale wanaoweka kidonge cha asprini juu ya ufizi, waache pia. Kinachoma nyama, na jino linabaki na ugonjwa wake.

Lutuku ya kutafuta nguvu ya moyo tunaijua. Hapana, hata kikombe kimoja. Kama utapewa sindano ya ufizi tu, kula vizuri mbele ya kwenda, maana mtu mwenye njaa anaanguka pale ku kiti. Kama ni operesheni ya kulalishwa kabisa, ni kinyume: hakuna chakula saa sita mbele yake, na maji utaacha saa watakayokuambia. Sugua meno asubui. Na usitoke posti ya usiku ukaenda moja kwa moja kwa dentisti, lala kwanza.

Kiisha kung'oa, utapewa kompresi. Iume kwa nguvu nusu saa, bila kuitoa kila dakika kuangalia. Damu ikiendelea, weka ingine safi, uume nusu saa tena. Mate yenye rangi ya damu siku ya kwanza si ajabu. Damu inayojaa kinywa na kukataa kusimama ni ajabu, rudi pale pale hata kama ni usiku.

Siku ile usiteme-teme, usisukutue kinywa, usinyonye na mrija, usivute sigara. Mvutaji ndiye tunamuhurumia zaidi, juu moshi na kule kunyonya vyote viwili vinaharibu donge. Weka kitambaa cha maji baridi inje ya shavu, dakika kumi, upumzike, kiisha tena. Ulale kichwa kikiwa juu kidogo. Mtoto aliyeng'olewa jino achungwe, kwa sababu anaweza kuuma mudomo wake uliolala bila kusikia.

Chakula, wamama wanajua kupita sisi: uji uliopoa, ndizi iliyopondwa, mayai, bukari laini na mchuzi usio na pili-pili. Mihogo ya kuchoma na karanga zitangoja. Kesho yake anza kusukutua polepole na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko kidogo mu glasi, kiisha kila chakula. Meno mengine endelea kuyasugua.

Juu ya maumivu, parasetamoli inasaidia wengi: ile ya 500 mg, mtu mukubwa asipite vidonge nane mu saa 24. Antibiotiki si pipi. Kama dentisti ameandika, meza mpaka mwisho. Kama hakuandika, usinunue vidonge vitatu ku kando ya barabara. Ukipewa metronidazoli, ile wengi wanaiita Flagyl, pombe mbali kabisa.

Maumivu yanapashwa kupunguka kila siku. Yakipanda siku ya tatu, yakienda mpaka ku sikio, kinywa kikinuka, donge limetoka: rudi kwa dentisti, atasafisha na kuweka dawa. Na kwetu homa yote tunaiita malaria. Homa inayokuja kiisha kung'oa jino, wapime malaria, ndiyo, lakini waangalie kidonda vilevile. Uvimbe ukishuka chini ya taya, ukishindwa kumeza ao kufungua kinywa, ao pumzi ikiwa nzito, usingoje asubui. Usaha wa jino unaweza kufunga njia ya pumzi na kuua mtu.

Inabaki karatasi. Code du travail ya 2002 inasema mwajiri anapashwa kutoa matunzo ya ugonjwa kwa mfanyakazi na familia yake. Jino nalo ni mwili. Shefu mmoja wa posti, mu kampuni ambayo hatutaitaja, alimwambia mwenzetu kwamba repo ni ya wagonjwa, si ya wenye meno. Mwenzetu alishuka na akapandishwa mbele ya saa, kofia imejaa damu. Muombe dentisti aandike repo mbele ya kutoka mu chumba chake, na aandike wazi kama kazi ya chini na ya kubeba imekatazwa, mpaka tarehe gani. Piga fotokopi, moja ibaki mu nyumba. Wakiikataa ku mlango, usigombane na mulinzi. Ita delege wako, ungoje naye pale inje.