Kifafa na Usukani

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tunaiandika kila mara kwenye insha zetu, lakini ni wachache wanaofikiria kwamba inamhusu pia dereva wa matatu tunayopanda kila asubuhi hapa Bombolulu. Katika makala haya nitaeleza uhusiano wa kifafa na leseni ya udereva, na kwa nini kumfukuza tu dereva mgonjwa si dawa.

Kifafa ni nini?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita kutoka chembe moja hadi nyingine. Umeme huo ukivurugika ghafla, mtu hupatwa na fiti. Wengine huanguka, wakakakamaa na kutupa mikono na miguu. Wengine hawaanguki kamwe. Hukodoa macho tu kwa sekunde chache, ukiwaita hawasikii, kisha huendelea na shughuli zao kana kwamba hapakuwa na jambo.

Kifafa si majini wala si kurogwa, na hakiambukizi. Watafiti wa KEMRI hapo kwa jirani zetu wa Kilifi wamekichunguza kwa miaka mingi. Wameonyesha kwamba miongoni mwa vyanzo vyake ni malaria kali, vimelea vinavyoingia mwilini na matatizo wakati wa kuzaliwa. Aidha, mtu aliyeumia vibaya kichwani huweza kukipata ukubwani.

Hatari iko wapi?

Hebu tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akipotewa na fahamu kwa sekunde 10 tu, gari litakwenda karibu mita 140 bila mwenyewe. Huo ni urefu unaozidi uwanja wa mpira! Sasa fikiria barabara ya Malindi saa moja asubuhi: wanafunzi wanavuka, mikokoteni imejaa mizigo ya Kongowea, tuktuk na bodaboda zinachomekea kila upande.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, humtaka anayeomba leseni atamke kama ana ugonjwa au ulemavu unaoweza kufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa umma. Ikionekana kwamba anao, hunyimwa leseni. Kusema uongo ili kuipata ni kosa.

Kuna nchi ambazo hupima hatari hiyo kwa muda. Kule Uingereza, kwa kawaida mwenye kifafa huruhusiwa kuendesha gari dogo akimaliza miezi 12 bila fiti. Basi kubwa na lori ni mambo mengine: huko hutakiwa miaka 10 bila fiti na bila kutumia dawa za kifafa. Kwa hivyo swali si "Una kifafa?" peke yake, bali pia "Mara ya mwisho ulipatwa lini?" Jibu la swali hilo analo mgonjwa mwenyewe. Akilificha, hata daktari hawezi kumsaidia.

Kwa nini madereva huficha?

Wanaogopa njaa. Mjomba wangu alikuwa dereva wa matatu. Alipopatwa na fiti mara mbili usiku nyumbani, alikwenda kwa hiari yake akamweleza tajiri wake na kurudisha funguo. Mtaani walimcheka. "Yakhe, si ungenyamaza tu? Watoto watakula huo ukweli wako?" Na kweli, miezi ile ya kwanza sima nyumbani kwake ilikuwa ya kupimiana. Hapo ndipo penye shida. Tukimwacha msema kweli alale njaa, tunawafundisha madereva wengine wafiche.

Tufanye nini?

Kwanza, wagonjwa watibiwe. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hadi watu 70 kati ya kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila fiti wakitibiwa ipasavyo. Dawa zinywewe kila siku, hata mtu anapojiona mzima. Kuziacha ghafla, kukesha na kulewa huziita fiti zirudi.

Pili, matajiri wawatafutie madereva hao kazi nyingine. Wasiwafanye utingo wa kuning'inia mlangoni, maana huko ni kumtoa mtu kwenye moto na kumtia kwenye jivu. Wawape kazi ya ofisini, au stoo, au kuandika zamu za magari kama afanyavyo mjomba sasa. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya. Sisi wa Bombolulu hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Karakana za hapa kwetu, zilizoanzishwa mwaka 1969, zimewapa riziki watu wengi wenye ulemavu ambao wengine walidhani hawawezi kazi.

Tatu, tuache kuwacheka wanaosema ukweli.

Mwanafunzi mwenzangu, siku moja nawe utajaza fomu ya leseni. Ukifika penye swali la afya yako, jibu kweli, maana nyuma yako wameketi watoto wa watu. Kawia ufike.