Jinsi Kinga ya Mwili Inavyojifunza Kutoushambulia Mwili Wenyewe

Mfumo wa kinga una kazi mbili zinazokwenda sambamba: kuangamiza vimelea vya maradhi na kuuacha mwili wenyewe salama. Kazi ya pili ikishindikana, kinga hugeuka kuwa chanzo cha maradhi. Mfano ni kisukari aina ya kwanza, ambapo kinga huharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Wahusika wakuu ni seli T, mojawapo ya aina za chembe nyeupe za damu. Chimbuko lake ni uboho wa mifupa, kisha husafiri hadi tezi ya thaimasi iliyoko kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari. Humo, protini ya mawasiliano iitwayo interlukini-7 huziwezesha kuishi na kuongezeka. Baadaye hupimwa kwa vipande vya protini za mwili: zisizovitambua kabisa hufa, na nyingi zinazovishika kwa nguvu mno huondolewa. Protini nyingine, AIRE, huiwezesha tezi kutengeneza hata insulini kwa kiasi kidogo, ili seli zinazoweza kuishambulia zibainike mapema. Zaidi ya asilimia 90 ya seli hazivuki mchujo huo.

Hata hivyo, baadhi ya seli hatari hupenya. Mwaka 1995, Shimon Sakaguchi wa Japani alibainisha seli T dhibiti, ambazo huwatuliza wenzao. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walionesha kuwa hitilafu katika jeni ya FOXP3 husababisha ugonjwa mkali wa kinga kwa watoto wa kiume. Jeni hiyo ndiyo inayoongoza ukuaji wa seli dhibiti. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025.

Seli dhibiti hutegemea interlukini-2, protini ambayo pia huchochea seli za mashambulizi. Kwa sababu hiyo, watafiti wanaijaribu kwa dozi ndogo, wakilenga kuimarisha utulivu bila kuamsha mashambulizi.

Kisukari aina ya kwanza hakiambukizwi, wala hakitokani na uzembe wa mzazi. Mtoto mwenye kiu isiyo ya kawaida, anayekojoa mara kwa mara na kupungua uzito, afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa, kwa kuwa matibabu ya insulini huokoa maisha.